Jina la Baba Halimo

Haneti,
3 Juni 2025

Mwanangu Hana,

Mbukwa. Bwana asifiwe. Sisi wazima, mtama tunavuna, na kifua cha baba yako kimepoa. Wewe na Area D yenu huko mjini mnaendeleaje?

Nina jambo. Ule ukurasa uliotutengenezea wa kuandikisha watu wa kipaimara, nimeingiza majina kumi na tisa kwa simu yangu, na kwa kila moja ukurasa ukaniambia "Limepokelewa". Jana katekista Ludovick karudi na orodha ya mjini: majina kumi na moja tu. La baba yako halimo.

Ndiyo, baba yako. Miaka thelathini namwombea, mwaka huu kakubali, sikukwambia nikiogopa atageuka. Sasa kasema, "Mama Hana, hata Mungu kanitoa kwenye orodha," akaenda zake machungani. Mwisho wa kuandikisha ni tarehe kumi na tatu. Na vile vijiti vya mtandao vilikuwa vitatu, nimeviona mwenyewe.

Mama yako.

Area D,
6 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nikilia na kucheka.

Kosa ni langu. Ukurasa ulikuwa unaiuliza simu tu kama mtandao upo. Simu ikiona vijiti inajibu upo, kumbe hakuna kinachopita. Majina manane yamepotelea hapo. Sasa nimeufundisha upige hodi wenyewe kwenye kompyuta ya mjini. Usipoitikiwa, utaona utepe mwekundu, na majina yatabaki kwenye simu yakisubiri. Ukiitikiwa, utepe unakuwa kijani. Yaingize upya yale manane, na vijiti usiviamini.

Mwambie baba aliyemtoa ni mimi, wala si Mungu.

Mwanao Hana.

Haneti,
10 Juni 2025

Mwanangu,

Tunakusalimu sote. Baba yako kasoma barua yako mara mbili, akasema, "Basi huyo fundi akome." Majina nimeyaingiza, utepe mwekundu. Asubuhi hii kaninyang'anya simu, kapanda nayo kilima cha nyuma ya kanisa. Namsikia huko akiugombeza ukurasa: "Hodi gani hiyo isiyoitikiwa?" Nampelekea uji. Basi linaondoka, naituma barua kabla sijajua mwisho wake.

Mama yako.

Area D,
11 Juni 2025

Baba na Mama, shikamooni.

Majina yote manane yamefika jana saa tano asubuhi. Jumapili ya kipaimara nakuja, na kanzu mpya ya baba nimeshashonesha.

Ila la baba limeingizwa upya tena na tena, limefika mara tisa. Karani wa orodha kaniuliza kama huko Haneti kuna akina Nathanaeli tisa. Nimemjibu ni mmoja tu, ila sasa ana haraka.

Mwanenu Hana.