Jani la Pili

Jumatatu, 3 Machi 1975

Ng'ombe hajala vizuri. Mimi pia. Mjukuu wangu Kastori yuko mahabusu tangu Ijumaa, na aliyempeleka ni mimi. Niandike hivyo hivyo, daftari la kisomo cha watu wazima halina mdomo.

Niliona kaptura yake ina matundu kama imeliwa na panya. Maji ya betri! Betri yenyewe nikaikuta mgombani, chini ya majani makavu. Ya lori, imeibwa gereji ya Gurdev, Kalasinga wa mjini. Nikamwita balozi wetu wa nyumba kumi, Urbanus. Nilitaka viboko vinne, basi. Yeye kaleta polisi. Mtoto wa miaka kumi na minne! Analala chumba kimoja na wafungwa watu wazima.

Jumanne, 4 Machi

Kaja binti wa ustawi wa jamii, Elizabeth, na viatu virefu kwenye tope letu. Kafunua hadi chungu. Anasema hakimu ana njia mbili: shule ya maadilisho, mbali, miaka mitatu — au arudi kwangu, yeye awe anakuja kumwangalia. Ila mwenye betri akubali, na mtoto mwenyewe akubali.

Urbanus kadakia: aende, atarudi na ufundi. Ufundi! Nikamwambia, mtoto wa shemeji yako alifungwa kwa kuku mmoja, karudi anafungua kufuli kwa msumari. Kahawa yangu kaimaliza.

Jumatano, 5 Machi

Nimekata isale uani, nikashuka mjini. Jani la kuombea msamaha — Mchagga akilipokea hana ujanja tena. Kalasinga kalipokea kwa mikono miwili, asante mama, maua mazuri — kalitia kwenye chupa ya maji! Nikabaki mdomo wazi. Fundi wake Eliufoo kacheka hadi kaangusha spana. Kamwambia: Mzee, hapo umeshasamehe. Kalasinga kaniangalia, kaangalia chupa. Na betri yangu? kauliza. Nikamwambia iko polisi, ni kielelezo cha kesi ya kesho. Basi kesho nakuja mahakamani, kasema. Sijui nifurahi au nini.

Nikapita mahabusu na ndizi. Kastori hakutaka kutoka. Askari kaniletea maneno yake: mwambie sina bibi.

Alhamisi, 6 Machi, benchi la mahakama

Alfajiri nimekata jani la pili. Jirani yangu Redempta kanishika mkono: mkubwa anampelekea mdogo isale? Umeona wapi? Sijaona popote. Nimelifunga kwenye khanga.

Kalasinga kaja — na chupa yake! Kamwambia hakimu nimesamehe, ila betri nataka. Watu wakacheka, hata hakimu. Kisha hakimu kamgeukia Kastori: unataka kurudi kwa bibi yako? Kauliza tena. Mtoto anaangalia vidole vya miguu. Ana kidonda sikioni, sijui kafanywa nini huko. Hakimu kaenda kunywa chai. Akirudi anataka jibu.

Kastori yuko pale mlangoni na askari. Hatua kumi. Nimesimama. Askari: bibi, kaa. Sikai! Jani nimelitoa, limepata mkunjo, ila bado bichi.

Kastori ameliona. Naweka penseli, nimpelekee —