Onyesho la Mwisho la Dada Zuhura

Dada Zuhura,

Ulifika Tanga salama. Mama yako amekuzika kando ya baba yako. Kitanda chako hapa chumbani kwetu Al Nahda kimepata mtu, msichana wa Nepal. Bado sijazoea kumwona pale.

Mama yako alinipigia simu, akauliza ulikuwa ukifanya nini huku ughaibuni. Nikamwambia ulisafisha vyumba vya hoteli, na siku za mapumziko ulikuwa mwigizaji. Akashangaa. Alijua uliacha jukwaa tangu ule upasuaji wa koo ulipokuondolea sauti, ukabaki na mnong'ono tu.

Basi nikamsimulia. Jinsi Binu, mpishi wetu kutoka Kerala, alivyokukuta ukiwaonyesha wenzako kwa mikono na mabega tu madam msimamizi wetu anavyogombana na feni, akatoa simu akakurekodi. Jinsi filamu zako zisizo na neno hata moja zilivyoonyeshwa kwenye shuka kule kambi ya wafanyakazi, Wapakistani, Waganda na Wafilipino wakacheka mahali pamoja. Nikamwambia pia kuhusu wale watu wa matangazo waliotaka uchezeshe midomo, wao wakuwekee sauti ya mtu mwingine. Uliwanong'oneza, "Khalas, basi. Mdomo wangu hauazimwi," ukarudi kukunja mashuka.

Mama akasema, "Kumbe hakuacha."

Dada, moyo wako ulisimama kabla hatujamaliza ile filamu ya mwanamke anayemsubiri mdogo wake uwanja wa ndege. Binu alitaka kuifuta. Alisema hawezi kukutazama. Nilimwambia haifutwi, mimi ndiye ninayeigiza mdogo mtu, nami nitafika.

Jumapili tulirekodi mdogo mtu anavyofika. Mara ya kwanza nilikuigiza wewe, mabega yako, shingo yako. Ikawa uongo mtupu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea kwa macho nikizidisha. Nikaliweka begi la safari chini, nikasimama tu, nikaangalia pale ambapo ungekuwa. Binu akasahau kuzima kamera.

Imekwisha, Dada. Jina lako liko mbele, peke yake.

Mwezi ujao napata likizo. Kwetu Nairobi watanisubiri kidogo, naanzia Tanga. Nitamkalisha mama yako kitini, niwaite majirani, nitundike shuka ukutani, akuone ukifanya kazi yako.

Pumzika. Hii kazi naendelea nayo, na sitaongeza neno.

Mdogo wako,
Wangari