Kitabu cha Timu Alichozikwa Nacho Baba

Moding,
Kupitia Malaba.
11 Machi 2025

Mpendwa Baba Mdogo Mathews,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo huko Changamwe? Ule mguu bado unavimba ukisimama sana kazini? Sisi tuko, Mungu anatusaidia. Sharlyne wangu ameanza kutembea, akianguka anacheka mwenyewe. Mvua imenyesha mara mbili na mihogo imeshika.

Tangu tumzike Baba mwezi wa kwanza, boma limekuwa kimya. Jioni bado natega sikio nisikie filimbi yake kule kiwanjani.

Baba Mdogo, ile timu ya mpira ya Baba iko taabani. Unakumbuka mzee Okwara alivyowapa kile kiwanja mwaka wa tisini na moja, mliporudi kutoka Tororo na yule mbuzi wa zawadi ya ushindi, wewe ukiwa kapteni. Sasa watoto wake wanataka kulima mahindi pale. Wanasema baba yao aliwaazima tu. Chifu ameitisha baraza tarehe ishirini na nane, na ametaka timu ilete maandishi.

Maandishi yalikuwa kwenye kile kitabu cha Baba, chenye jina la kila mchezaji tangu mwanzo, na msalaba kando ya waliokufa. Watu wanasema ukurasa wa kwanza una alama ya kidole gumba cha Okwara, kwamba kiwanja ametoa kabisa. Wachezaji wamekuja kukitafuta mara tatu, wakapindua hata godoro la Mama.

Hakiko. Mimi ndiye niliyekiweka kwenye jeneza.

Siku zake za mwisho Baba hakukiachilia. Kabla kifuniko hakijapigwa misumari nilikiingiza chini ya kichwa chake. Niliona asiende peke yake, aende na vijana wake. Sikuwa nimekifungua hata siku moja, sikujua kiwanja chetu kimo humo. Na kaburi kwetu haliguswi, hilo unalijua.

Kinachoniumiza zaidi ni Egesa, mweka hazina. Yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia Baba kitabuni alipozidiwa na ugonjwa, kwa hivyo wanamshuku amewauzia watoto wa Okwara hicho kitabu. Jumamosi mchezaji mmoja alimwambia mbele ya watu, "Bosi Egesa, umeuza kiwanja pamoja na magoli, ama magoli umetuachia?" Wakacheka. Egesa akasema, "Mimi hata kuku sijawahi uza." Akakaa chini, akavua viatu vya mpira. Hakucheza siku hiyo. Mimi nilikuwa hapo na mtoto mgongoni, nikanyamaza.

Sasa nakuomba. Walioona kile kidole kikiwekwa wote wametangulia kaburini, umebaki wewe. Kama kazi itakuruhusu, njoo useme mbele ya chifu ulichoona. Ikishindikana, andika barua kwa mkono wako uweke sahihi, nami nitasimama niisome, hata kama kusoma kwangu ni kwa kusitasita. Naamini watasikia.

Jumapili baada ya mazoezi nitawaambia wote ukweli, Egesa akiwepo. Naogopa. Ndiyo maana barua hii naituma leo, ili nikitaka kurudi nyuma nijue wewe tayari unajua.

Nisalimie Mama Mdogo Teresa na Robinson. Mama anawasalimu, siku hizi anakula kidogo. Mungu awafunike nyote huko mliko, na mguu wako aupe nguvu za safari.

Mimi mtoto wako anayekupenda,
Everline Amuron