Langage yetu, weye na minye

Olga, uko? Kama hauko si kitu, acha niandike tu.

Natoka mu réunion, mukutano ya wenye kuandikaka programme za kompyuta za bandari, hapa Kalundu. Zile société mbili, kampuni zenye kugombana, zilikuja, kila moja na langage yake, luga yake ya kuandikia programme. Walitaka tuchague moja tu, programme za maboti zote zipate kusikilizana.

Minye nikapendekeza yetu. Ile tulitunga weye na minye, amri zote mu Kiswahili ya huku.

Espoir, mwenye kuongoza, akasema: “Wenye wanaitumikisha wasimame.”

Nikasimama mbiyo, nikicheka. Nilijua Pitchou na Consolée wako nyuma. Si minye niliwafundisha kuitumikisha?

Nikangoja. Nikageuka. Wote wawili wamekaa, wamevaa shati mupya, polo ya moja ya zile société.

Unajua watu wote mu salle walifanya nini? Walinipigia makofi. Sawa vile tunapigiaka wageni wakisimama ku kanisa.

Makofi, Olga. Ya mugeni.

Sasa niko ku nyumba, kompyuta iko wazi mbele yangu. Niandikie mustari moja mu langage yetu. Hata kama iko na kosa.