Wakili Arushaye Machungwa

Dada yangu Zuhura,

Hili sijapata kumwambia mtu kabla ya leo: sitaki kurithi duka la Baba. Nataka kuwa wakili.

Huku Bagamoyo joto ni kali, na kila nikila mkate wa kumimina nakumbuka wako. Yule wakili Mwingereza ninayemtafsiria alikuwa mchezaji wa kriketi chuoni kwao. Jana alasiri alisimika uani vijiti vitatu kama vile vinavyolengwa kwa mpira katika kriketi, akaviangusha kwa chungwa. Nami nikarusha langu kama tunavyopopoa maembe, vikaanguka.

"Halihesabiwi hilo!" akapinga. "Umekunja kiwiko; sheria ya kriketi inataka mkono ulionyooka."

"Nani aliyeiweka sheria hiyo, bwana?"

Akacheka sana. "Nimecheza miaka yote bila kuuliza hivyo. Wewe ungefaa mahakamani kuliko mimi."

Kisha akavitazama vile vijiti. "Ningerudi uwanjani hata kwa siku moja," akasema. Nikaona kuwa ninalitamani joho lake la uwakili kama yeye anavyoutamani uwanja wake.

Nimekukumbuka, dada; Mungu akutunze. Leo asubuhi nimemwandikia Baba kumwomba ruhusa ya kusomea sheria, na barua hiyo nimeitia katika mkoba mmoja wa posta na kadi hii.

Nduguyo,
Salim