Mtihani wa Kumtafuta Asiye na Akili Sana

Jumatatu, 3 Machi
Namba za malori tangu asubuhi. Kichwa, tela, kichwa, tela. Foleni ya mpakani imefika hadi Mpemba. Mzee Simbeye, mwenye ofisi yetu ya uwakala wa forodha, katangaza kwamba nafasi ya kupitisha nyaraka kwenye mfumo iko wazi tena. Wawili wameshaiacha. Ijumaa kuna mtihani wa akili. Naitaka hiyo nafasi. Miaka mitatu nanakili namba, nimechoka.

Jumatano, 5 Machi
Sichone, tunayekaa naye meza moja, kanipa siri. Mzee anaamini wenye akili nyingi hawakai, wakishaijua kazi wanavuka mpaka kwenda kufanya kazi Nakonde. Kwa hiyo atakayeongoza anakatwa. Ofisi nzima wamepanga kukosea makusudi. Mama naye, kwa simu kutoka nyumbani Hasamba, kasema nijishushe kidogo, nipate kwanza. Nimekasirika hadi chakula kimenishinda. Nijifanye mjinga mimi? Thubutu.

Ijumaa, 7 Machi
Maumbo, namba, mafumbo. Sichone kabahatisha huku anatabasamu. Mimi nimejibu yote. Nikahakiki mara mbili, makusudi.

Jumanne, 11 Machi
Nimeongoza. Nafasi kapewa Sichone.

Nimeingia kwa Mzee bila kuitwa. Nikamwamkia, maana adabu ninayo, kisha nikamwambia: "Wale wawili hawakufukuzwa na akili zao, Mzee. Kila karatasi waliyoandika uliirudia kuikagua mwenyewe. Hata mimi ningeondoka."

Kaniambia nirudi kwenye namba zangu. Sijutii hata neno moja.

Jumatatu, 14 Aprili
Sichone kaondoka! Mwezi mmoja tu, kaujua mfumo, kavuka. Yuko Nakonde kwa binamu yake. Kumbe aliyefeli ndiye aliyekuwa na safari. Nimecheka peke yangu chooni. Halafu nikaumia, maana hiyo nafasi ilikuwa yangu.

Jumatano, 16 Aprili
Mzee kaja mwenyewe, na paswedi ya mfumo kwenye kikaratasi. Kaniuliza nitakaa muda gani. Ningeweza kumdanganya.

"Sijui, Mzee. Inategemea na wewe."

Kakikunja kikaratasi. Nikadhani nimeipoteza tena. Akakiweka mezani kwangu, akarudi ofisini kwake.

Mchana nimepitisha kwenye mfumo lori langu la kwanza, lililobeba shaba. Mzee hakuja kuangalia.