Milimita Saba

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimepeleka Subaru kujaza upepo. Upepo tu! Fundi Athanasi akasikia breki zinalia wakati naingia gereji, akatega sikio, akatangaza mbele ya watu: pedi zimeisha. Zote, mbele na nyuma. Hakufungua tairi hata moja. Nikamuuliza amejuaje. Akasema gari la turbo linakula pedi, halafu mwalimu mwenyewe nakanyaga sana.

Nakanyaga sana! Wateja wawili wakacheka. Nikajaza upepo wangu nikaondoka — polepole, makusudi, wasipate la kusema.

Jumapili, 3 Agosti

Maposeni kwa mama, baada ya misa. Breki zimelia njia nzima, lakini gari linasimama pale ninapotaka lisimame. Kumbe habari zimenitangulia. Athanasi na kaka Thadei ni marafiki tangu shule ya msingi.

Thadei hajawahi kulisamehe gari hili. Lile tundu la kuingizia hewa kwenye boneti linamuuma tangu siku nilipolileta. Mwalimu wa fizikia, tena mwanamke, mbio za nini? Ameshaniambia mara tatu nimwachie, nichukue kile kigari chake kidogo cha kwendea sokoni. Leo kaongeza: mtu asiyejua kuwa breki zake zimeisha hafai kukabidhiwa gari lenye nguvu, ipo siku nitamuua mama njiani.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema Jumapili ijayo aje kwangu Mjimwema, apime kwa mkono wake. Pedi zikiwa zimeisha, tunabadilishana magari siku hiyohiyo. Zikiwa nzima, hilo neno "niachie" nisilisikie tena mpaka nazikwa. Mama akasema haya, tumeanza, akaendelea kupukuchua mahindi.

Nimesema. Silirudishi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeazima vernia ya maabara, ile ya kubana kitu na kusoma milimita. Inatunzwa na Mwalimu Mwamvua wa kemia. Ni mtu wa Nalasi, hana haraka. Kafungua daftari la vifaa, kauliza sababu ya kuazima. Nikamwambia andika "heshima". Kaandika "kupimia".

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane! Hakuna shule. Jeki, wili spana, kipande cha mkeka chini ya magoti. Majirani wamepita mara mbilimbili kuangalia mwalimu anafungua tairi. Waangalie.

Mbele kulia: saba. Mbele kushoto: saba. Nyuma zote mbili: karibu nane. Pedi mpya ni kama kumi na moja, na ya kutupa ni tatu kushuka chini. Milimita SABA! Huo mlio ni vumbi letu la kiangazi, basi.

Nimepiga picha nikamtumia Thadei: "Karibu Jumapili, kaka." Kajibu kwa kidole gumba. Jioni nikapita mbele ya gereji ya Athanasi. Sikuwa na shida yoyote upande ule. Nimepiga honi nikapita.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwamvua amekuja kuchukua vernia yake. Sikumwacha aondoke hivihivi, nikafungua tena tairi la mbele kulia nimwonyeshe ushindi wangu. Akachuchumaa, akatazama. Halafu:

"Hii ya nje, Mwalimu. Ya ndani umepima?"

Baba yake alikuwa dereva wa lori la korosho. Kamfundisha: kila tairi lina pedi mbili, zinabana diski huku na huku. Ya ndani ndiyo inayosukumwa kwanza. Pini zinazotelezesha kibanio cha breki zikishika kutu, ya nje inabaki nzuri, ya ndani inasagika peke yake.

Nimecheka. Kisha nimelala chini ya gari na tochi.

Mbele kulia, ya ndani: mbili.

Nimesoma tena. Mbili! Pini imeganda, haisogei hata kwa nyundo. Tukafungua na matairi mengine matatu — pedi zake nzima kabisa, ndani na nje. Pedi moja kati ya nane.

Miaka kumi na miwili nawafokea wanafunzi: usipime sehemu moja ukajifanya umemaliza. Mimi! Aibu imenishika mpaka masikioni. Na Athanasi nimezidi kumkasirikia, kwa sababu amepatia bila kujua. Alisema zote. Hakufungua tairi!

Mwamvua kaniachia vernia mpaka Jumatatu. Hakunishauri kitu, kasema tu Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi.

Thadei hajui kama kuna pedi ya ndani. Nina hakika kabisa. Atapima ile inayoonekana, atasoma saba, atakwenda zake. Au niende dukani sasa hivi, niweke mpya, nani atajua? Duka liko wazi.

Sijaenda. Nalipenda gari hili, nalipenda kweli, na sitaki kulitoa. Lakini sijaenda. Leo halikutoka uani, na kesho kanisani nakwenda kwa miguu.

Jumapili, 10 Agosti

Saa nane mchana. Wako uani.

Thadei kaja na mama. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye boneti. Tairi la mbele kulia nilishalitoa. Kapiga goti na suruali yake ya kanisani, kapima. Saba. Kapima tena. Saba. Kaguna. Mama akamwambia basi, mwache mwenzio na gari lake.

Akasimama, akapangusa magoti.

"Umeshinda, Leti. Nilikuwa nakuonea."

Hajawahi kuniambia hivyo tangu nizaliwe. Nilikuwa nimeshika ufunguo mfukoni, umepata joto la mkono wangu. Ningenyamaza, tungekula wali, yangekwisha.

"Bado ya ndani, kaka," nikasema. "Lala chini uangalie."

Kanitazama. Mama naye kanitazama. Nikawaambia naingia ndani kuchukua tochi.

Tochi ninayo mkononi. Naandika nimesimama, kwenye meza ya jikoni. Atasoma mbili. Nami nitamwonyesha pini, nitamwambia moja kati ya nane si "zote", na rafiki yake hakufungua tairi, na aliyejua kupima ni mimi na Mwamvua. Tutabishana mpaka jua lizame, lakini tutabishana juu ya kitu alichokiona kwa macho yake. Sitaki kushinda kwa sababu hakujua pa kuangalia. Akinishinda hapo, achukue ufunguo.

Akinishinda! Ajaribu.

Ananiita. Ameshalala chini, anauliza tochi iko wapi